Kelele za Jirani Kijijini: Tuanze na Saa, Sheria Ifuate

Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, kazi iliyobebwa kwa sehemu kubwa na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza shughuli zake mwaka 2007. Faida zake kila mtu anaziona. Zahanati inahifadhi chanjo kwenye jokofu, mwanafunzi anasoma baada ya chakula cha usiku, na mwenye jembe lililovunjika hasafiri tena hadi mjini kumtafuta fundi wa kuchomelea. Lakini waya huohuo umeleta jambo ambalo halikuwamo kwenye mpango wowote: sauti kubwa isiyochoka. Ngoma ilikuwa inakoma wapigaji wakichoka, na redio ilinyamaza betri zikiisha. Sabufa iliyochomekwa ukutani haina mwisho huo. Ndiyo maana ofisi za vijiji zilizozoea mashauri ya mipaka ya mashamba na ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu, sasa zinaletewa malalamiko ya aina nyingine: grosari inayopiga muziki hadi usiku wa manane, mashine ya kusaga inayowashwa kabla ya alfajiri, kipaza sauti cha mkesha, jenereta linalonguruma umeme ukikatika.

Majirani waliokuwa wakiombana chumvi huacha kusalimiana kwa ajili ya mambo haya. Wengine hufikishana polisi, na wakirudi kutoka huko bado wanaishi ukuta kwa ukuta, ila sasa kila mmoja anamhesabu mwenzake kuwa adui. Hoja yangu ni kwamba ugomvi wa kelele kijijini humalizwa vizuri zaidi kwa mapatano ya saa na taarifa, yaliyoandikwa mbele ya uongozi wa kijiji, kuliko kwa kipimo cha desibeli au kwa gari la polisi. Sheria ina nafasi yake na nitaieleza, lakini nafasi hiyo ni ya nyuma. Anayeitanguliza mbele mara nyingi hushinda shauri na kupoteza jirani.

Kwanza inafaa tuelewe kwa nini sauti ambayo mtu wa Kariakoo hataisikia humnyima usingizi mtu wa kijijini. Watu husema wanakijiji wamezoea ukimya, kana kwamba ni suala la kudeka. Si hivyo, ni suala la hesabu. Sauti inayotoka sehemu moja hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Spika inayotoa desibeli 100 mtu akiwa mita 1 mbele yake, hutoa 94 akiwa mita 2, na 88 akiwa mita 4. Ukiendelea kuhesabu hivyo, tukiacha kando miti, upepo na hewa yenyewe ambavyo navyo hupunguza, sauti hiyo hufika kilomita 1 ikiwa bado na desibeli 40 hivi. Mjini, ambako magari na watu huweka mnong'ono wa kudumu wa desibeli 55, spika hiyohiyo humezwa kabla haijavuka mita 200. Kijijini usiku, penye desibeli 30 au pungufu, hakuna cha kuimeza. Inasikika kwa jirani wa kwanza, wa kumi, na ng'ambo ya bonde. Mwaka 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kwamba wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40, ili watu walale wakiwa salama kiafya. Kwa hiyo grosari moja inaweza kufikia kikomo cha kijiji kizima, na mwenye nayo akaapa kwa nia njema kabisa kwamba hajapiga muziki mkubwa kuliko wenzake wa mjini.

Usiku nao huongeza yake. Mchana ardhi huwa na joto kuliko hewa ya juu, na sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Usiku ulio shwari ardhi hupoa haraka, hewa baridi hukaa chini na ya joto juu yake, na sauti iliyokuwa ikipotelea angani hurudishwa chini kwenye nyumba. Muziki uleule, kwa kitufe kilekile, husikika mbali zaidi saa tano usiku kuliko saa tisa alasiri. Tena nyumba nyingi za vijijini zina uwazi kati ya ukuta na bati ili hewa ipite, na panapopita hewa sauti nayo hupita. Mwenye nyumba hiyo anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shambani. Akikosa usingizi kuanzia saa nne hadi saa nane usiku, amebakiwa na saa tatu tu za kulala kabla ya kushika jembe, na usiku unaofuata huenda mambo yakawa yaleyale.

Ukisoma haya unaweza kusema: basi jibu ni kipimo, kila mahali pawekewe kikomo cha desibeli na anayekivuka aadhibiwe. Sheria zetu zimekwenda njia hiyo, na si vibaya. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2009, na zinafaa kutazamwa kwa karibu hata na sisi wa upande huu wa mpaka. Kwa nje ya nyumba za makazi zimeweka desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kabla ya kufika kwenye jedwali la vipimo, kanuni hizo zinaorodhesha mambo ya kuzingatia katika kuamua kama kelele imezidi: ni saa ngapi, ni karibu kiasi gani na makazi, inajirudia au ni ya mara moja, ina ukubwa gani, imekuzwa kwa umeme au mitambo, na je, anayeitoa anaweza kuidhibiti bila gharama na taabu isiyo ya kawaida? Tazama vizuri orodha hiyo. Ukubwa wa sauti ni jambo moja kati ya sita. Matano yaliyobaki yanaweza kujulikana na mwenyekiti wa kitongoji bila kifaa chochote, na yote matano yanaweza kujadiliwa na watu wawili chini ya mwembe.

Kipimo chenyewe kina shida zake huku mashambani. Chombo cha kupimia kinachokubalika kisheria hakipo ofisi ya kijiji, na mara nyingi hakipo hata wilayani. Ofisa anayekuja nacho huja mchana, siku ya kazi, wakati kelele ni za usiku wa Jumamosi. Simu za mkononi zina programu za kupima sauti, lakini maikrofoni zake zimetengenezwa kwa mazungumzo na hutofautiana kati ya simu na simu, kwa hiyo namba zake haziwezi kumaliza ubishi kati ya watu wawili wasioaminiana. Matumizi yake mazuri ni kulinganisha: simu ileile, mahali palepale, kabla ya spika kugeuzwa na baada ya kugeuzwa. Hapo inasaidia. Ikitumiwa kama shahidi wa kumtia jirani hatiani, inazaa ugomvi wa pili juu ya simu ya nani ni ya kweli.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kutoanza na ukubwa wa sauti, nayo inahusu jinsi kelele inavyomuumiza binadamu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasaikolojia wa Marekani David Glass na Jerome Singer walifanya mfululizo wa majaribio waliyoyakusanya katika kitabu chao Urban Stress cha mwaka 1972. Watu walifanyishwa kazi huku wakisikilizishwa kelele kali ya desibeli 108. Wengine waliisikia kwa vipindi vinavyojulikana, wengine ikawa inawavamia bila mpangilio. Kelele ilipokwisha wakapewa mafumbo na kazi ya kusahihisha maandishi. Waliovamiwa bila mpangilio walikata tamaa mapema na kukosea zaidi, ingawa sauti ilikuwa ni ileile. Katika jaribio lingine baadhi yao waliwekewa kitufe na kuambiwa wanaweza kuinyamazisha kelele wakizidiwa, ila ni vyema wasikitumie. Wengi hawakukigusa. Hata hivyo, waliokuwa na kitufe walifanya vizuri kuliko wasiokuwa nacho. Kelele waliyoisikia ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kujua itakuja lini, na kujua kwamba una namna ya kuikomesha.

Naona ushahidi huo unaeleza jambo ambalo kila mwanakijiji analijua ila hatulitumii tunaposuluhisha. Harusi ikiwa ya mwisho wa wiki, na mwenye shughuli amepita nyumba kwa nyumba kualika na kuomba radhi mapema, kijiji kizima kitavumilia ngoma hadi kuche. Maulidi hukesha, na jirani asiyehudhuria halalamiki, kwa sababu alijua tangu wiki iliyopita na anajua itakwisha lini. Lakini sabufa ya jirani ikilia Jumanne saa nne usiku bila sababu inayojulikana, kwa sauti ndogo kuliko ya harusi, watu hugeuka kitandani kwa hasira. Kinachowachoma ni kutojua itakoma saa ngapi, na kutokuwa na mtu wa kumwambia akasikia. Ukimpa mtu huyo ratiba na ukampa namba ya simu ya mwenye grosari inayopokelewa, umempa kitufe. Mapatano yanayoacha mambo hayo mawili hayatadumu hata kama spika imepunguzwa nusu, kwa sababu usiku ule atakapoisikia tena atahesabu kwamba ahadi imevunjwa.

Sasa tuangalie mapatano hayo yanavyokuwa kwa vitendo, na mfano wa mashine ya kusaga unafaa kwa sababu hakuna kijiji kinachoweza kusema haiitaki. Mashine ya dizeli hutoa kelele mbili tofauti: mlipuko wa injini unaotokea kwenye ekzosi, na mngurumo wa nyundo zinazopasua mahindi ndani ya kinu. Ya kwanza ndiyo inayosafiri mbali. Ekzosi iliyotoboka au isiyo na sailensa, ikiwa imeelekezwa upande wa nyumba za watu, huharibu usiku wa kitongoji kizima, na kuirekebisha ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Kuhamia kwenye mota ya umeme kunaondoa kelele ya injini kabisa, ingawa ya nyundo inabaki. Kwa hiyo ya nyundo, ukuta wa matofali upande wa jirani unasaidia iwapo ni mrefu kiasi cha kuziba mashine isionekane kutoka dirishani kwake na hauna matundu. Ua wa michongoma unaificha machoni, lakini sauti unaipunguza kidogo sana, na wengi hupoteza mwaka mzima wakingoja ua ukue. Baada ya hayo yote ndipo saa zinaandikwa: mashine iwashwe saa moja asubuhi na kuzimwa saa kumi na mbili jioni; siku umeme ukikatika mchana, mwenye mashine anaweza kufidia hadi saa mbili usiku, ila amjulishe jirani kabla ya jua kuzama. Sharti hilo la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo linalookoa mapatano. Bila hilo, siku ya kwanza ya mgao wa umeme itakuwa siku ya kwanza ya ugomvi mpya.

Grosari ni ngumu zaidi kidogo, kwa sababu ya besi. Sauti nyembamba, yaani maneno ya mwimbaji na vinanda, huenda spika inakoelekea. Ukiigeuza iangalie shamba badala ya nyumba, jirani anapata nafuu papo hapo. Besi haina mwelekeo huo. Inazunguka, inapita ukutani, na ndiyo inayotikisa kitanda. Sabufa ikikaa sakafuni kwenye pembe ya chumba, kuta mbili na sakafu huiongezea nguvu bila mwenye nayo kuongeza chochote. Kuitoa pembeni na kupunguza kitufe cha besi hakumpunguzii mteja raha, maana yeye amekaa hatua tatu kutoka kwenye spika. Jirani wa mita 300 ndiye anayeona tofauti. Ninasisitiza mambo haya madogo kwa sababu mapatano mengi hufa kwa kuandikwa kijumla: "apunguze sauti." Kupunguza hadi wapi? Kila mmoja ana jibu lake. Lakini "sabufa itoke pembeni, spika zigeukie bondeni, muziki wa nje uzimwe saa nne usiku siku za kazi na saa sita usiku Jumamosi" ni maneno ambayo hata mtoto anaweza kusema kama yamefuatwa au la.

Namna ya kuanza mazungumzo ni nusu ya kazi. Anayekwenda kulalamika saa saba usiku, mbele ya wateja, amemlazimisha mwenye biashara kuchagua kati ya kumsikiliza na kulinda heshima yake, na wengi watachagua heshima. Aende asubuhi, au amtume mzee anayeheshimiwa na pande zote, aanze na salamu ndefu kama desturi ilivyo, aulize hali ya nyumbani na biashara inavyokwenda, kisha aseme shida yake kama shida, si kama mashitaka: "Kaka, mama yangu ni mgonjwa, muziki ukipita saa nne halali. Tufanyeje?" Swali hilo linamfanya mwenye kelele awe sehemu ya jibu. Akikataa, au akikubali bila kutekeleza, ndipo jambo lifike kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kutoka hapo Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25 na mtendaji anayeandika mihtasari. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 nayo iliyapa mabaraza hayo kama kazi ya kwanza kulinda amani na utulivu kwa kupatanisha wenye mgogoro. Aliyetunga sheria aliona kwamba kuwapatanisha wanaoendelea kuishi pamoja hutangulia kuwahukumu.

Kuna ushahidi wa mbali unaolingana na huu. Mwanasheria Robert Ellickson alikwenda katika kaunti ya Shasta, California, eneo la wafugaji na wakulima, kuchunguza watu hufanyaje ng'ombe wa mmoja wanapoharibu mali ya mwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1991, Order Without Law, alionyesha kwamba majirani wale karibu hawakuitumia sheria ya mifugo, na wengi hawakuijua sawasawa. Walivumilia dogo kwa kuwa walijua na wao siku moja watavumiliwa; waliweka hesabu kichwani ya nani anamdai nani fadhila; aliyezidi alisemwa, kisha akatengwa, na kesi ilikuwa ya mwisho kabisa. Hao ni raia wa nchi yenye mawakili wengi kuliko karibu nchi nyingine yoyote duniani. Kama wao, wakiwa mashambani, waliona ujirani una nguvu kuliko mahakama, sioni kwa nini sisi tuone haya kuutumia wa kwetu.

Wapo watakaosema: uongozi wa kijiji ndio wateja wa grosari hiyo. Mwenyekiti ni shemeji wa mwenye mashine. Mtendaji anahitaji ushuru wake. Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa kusema viongozi wetu ni waadilifu. Linajibiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni maandishi: makubaliano yakishawekwa kwenye muhtasari, yakasainiwa na pande zote na mashahidi wawili, kila upande ukabaki na nakala, hayategemei tena wema wa mwenyekiti. Ndiyo karatasi ambayo mlalamikaji atakwenda nayo kata, wilayani au NEMC, na ofisa atakayeisoma hatakuwa na haja ya kuanza upya kuuliza nani kasema nini. Ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya Kijiji ina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo, kuzipeleka mbele ya wanakijiji wote, kisha kuziomba kibali halmashauri ya wilaya. Saa za muziki wa nje, saa za mashine, na sharti la kutoa taarifa kabla ya shughuli ya kukesha ni mambo ya kutungiwa sheria ndogo ya ukurasa mmoja. Ikishapitishwa na watu wote, hakuna anayemwonea mwenye grosari, na hakuna shemeji wa kumwokoa.

Wengine hudai: nilikuwa hapa kabla yako. Mwenye mashine anamuuliza aliyejenga juzi: kinu kilikukuta wewe, au wewe ulikikuta kinu? Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikutana na swali hilo mwaka 1879 katika shauri la Sturges na Bridgman. Mtengeneza peremende wa London alikuwa ametwanga kwa vinu vyake kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kulalamika, hadi daktari wa jirani alipojenga chumba cha kuonea wagonjwa kwenye kona ya bustani yake, kikapakana na jiko lile. Daktari alishinda, na kuwa wa kwanza hakukumsaidia mtwangaji. Uamuzi huo unatuhusu, kwa kuwa misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 iliingizwa Tanganyika, na madai ya kero kwa jirani bado yanatumia misingi hiyo. Ila Ufaransa imetukumbusha upande wa pili. Mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilikataa malalamiko ya majirani wenye nyumba ya mapumziko katika kisiwa cha Oléron dhidi ya jogoo aitwaye Maurice aliyewika alfajiri, na Januari 2021 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Nakubaliana na mahakama zote mbili. Anayehamia kijijini kutoka mjini hana haki ya kunyamazisha jogoo, mbuzi, au watoto wanaoteka maji. Hizo ni sauti za maisha ya mahali. Lakini mashine na spika ni vitu vya mtu mmoja, vina swichi, na ukongwe wake hauvipi haki ya usiku wa wengine.

Pingamizi linalogusa zaidi ni la ibada, na wengi hulikwepa kwa woga. Katiba yetu inalinda uhuru wa kuabudu. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 16, inalinda heshima ya nyumba ya mtu na maisha yake binafsi. Haki hizi mbili hazigombani zinapopewa saa. Adhana ni ya dakika chache, kwa nyakati zinazojulikana, na kengele ya kanisa vilevile. Kwa kigezo cha kutabirika ndizo sauti zenye nidhamu kuliko zote kijijini. Mkesha wa maombi au wa mawaidha wenye spika za nje hadi alfajiri ni jambo jingine, kwa sababu anayeabudu yupo ndani na spika ya nje inamfikia asiyeabudu. Viongozi wa dini wanaoelezwa hivyo kwa heshima, na wao kwa wao kwanza, mara nyingi hukubali spika za nje zizimwe saa nne na za ndani ziendelee. Wakikaa meza moja sheikh, padri na mchungaji na kukubaliana saa zilezile kwa wote, hakuna muumini atakayesema dini yake imelengwa.

Yapo mambo ambayo hayafai kusubiri mapatano. Mwenye kelele akitoa vitisho, akimpiga aliyelalamika, au shughuli ikiwaingiza watoto katika ulevi na udhalilishaji wa usiku, hilo ni la polisi siku hiyohiyo. Kelele ikiwa karibu na zahanati yenye wodi ya wazazi, mganga mfawidhi hana sababu ya kubembeleza. Na kama mwenye biashara ameshavunja makubaliano yaliyosainiwa mara ya tatu, kuendelea kumsuluhisha ni kumfundisha kwamba muhtasari wa kijiji ni karatasi tupu. Hapo Kanuni ya Adhabu, inayotambua kosa la kero kwa umma, na NEMC, ambayo kwa baa za Dar es Salaam imeonyesha mara kadhaa kwamba inaweza kufunga mlango, zitumike bila aibu. Sheria inayokuja baada ya subira iliyoandikwa huja na nguvu ambayo sheria ya siku ya kwanza haina, na kijiji huipokea kama haki, si kama hila ya jirani mmoja.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti wa kijiji unayesoma gazeti hili, weka jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao kabla mtu hajaja na malalamiko, wakati hakuna jina la mtu mezani na kila mmoja anaweza kusema bila kuona anashambuliwa. Na wewe unayekosa usingizi leo, nenda kesho asubuhi ukabishe hodi kwa jirani yako, ukiwa na saa unazopendekeza, na ukiwa tayari kusikiliza za kwake.